Kufungua na kuonja chupa ya zamani ya mvinyo mwekundu

Jumamosi iliyopita shemeji yangu wa Bwiru aliniita nimfungulie Cabernet Sauvignon, mvinyo wa zabibu nyekundu za jina hilo, ya Stellenbosch, Afrika Kusini, ya mwaka 2001. Tulifanya hivi.

1. Isimamishe chupa wima tangu jana yake, mahali penye giza, ili mashapo yatulie chini.

2. Ipoze. Ule msemo wa kunywa mvinyo mwekundu kwa joto la chumba haukuwafikiria watu wa Mwanza. Unatakiwa nyuzi 16 hadi 18. Iweke kwenye friji kama nusu saa, ikiwa wima, lakini siyo mlangoni, maana kila anayefuata maji ataitikisa.

3. Kizibo. Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Chupa yangu ya kwanza niliifungua kwa kizibuo cha mabawa. Skrubu yake nene ilichoronga katikati, kizibo kikamomonyoka kama mkate mkavu, nusu ikabaki shingoni. Nilihangaika nayo saa mbili. Tangu siku hiyo kifaa kile sikitumii kwa chupa iliyozidi miaka 15. Tafuta kizibuo cha ndimi mbili, kile kisicho na skrubu bali vipande viwili vyembamba vya chuma. Chomeka ulimi mrefu kwanza kati ya kizibo na kioo, kisha ule mfupi, uyumbishe huku na huku mpaka zizame, halafu zungusha huku ukivuta. Ukiona kizibo kinashuka badala ya ndimi kuingia, acha mara moja, kimelegea. Hapo chukua kizibuo cha kukunja cha wahudumu wa hoteli, chenye skrubu nyembamba, uzungushe taratibu bila kukandamiza. Kikikatika, ingiza skrubu kwa mshazari kwenye kipande kilichobaki. Kikidumbukia ndani, mimina kupitia chujio, ila lisiwe lile la chai ya tangawizi, harufu haitoki. Ukungu juu ya kizibo usikutishe. Futa mdomo wa chupa kwa kitambaa kilicholowa.

4. Mimina kwenye jagi la kioo kwa mkono mmoja usiotetemeka, tochi ya simu ikimulika shingo kutoka chini. Uzi mweusi wa mashapo ukitokea, simama.

5. Onja papo hapo. Mvinyo mchanga hufaidika ukiachwa wazi saa kadhaa. Huu mzee hupoteza harufu upesi. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe: ukingo uwe na rangi ya matofali. Nusa mbali na jiko la mkaa. Utapata ngozi, tumbaku, matunda makavu, udongo wenye uyoga. Ukinusa boksi lililolowa, kizibo kimeuharibu na hakuna dawa. Mdomoni, ule ukakasi kama wa chai ya rangi iliyokolea utakuwa umelainika, kwa sababu sehemu yake imegandamana na kushuka kwenye mashapo.

Sato wa shemeji alikuwa tayari mezani, nikamwomba tumsubirishe. Samaki na mvinyo mwekundu huacha ladha ya chuma. Tulipomaliza kula na kurudia jagi, harufu ya tumbaku ilikuwa imeshaondoka.