Vitonge vya Tende na Karanga Bila Sukari ya Kuongeza

Hapa hakuna oveni, na sukari wala asali haiguswi. Utamu na mshikamano vyote vinatoka kwenye tende. Kazi yenyewe ni kukaanga karanga vizuri na kujua wakati wa kuacha kusaga.

Kwa vitonge 20 hivi, andaa:

- tende laini gramu 200 (zipime baada ya kutoa kokwa)
- karanga mbichi gramu 150
- ufuta vijiko 4 vya chakula
- mdalasini wa unga nusu kijiko cha chai
- chumvi robo kijiko cha chai

1. Chambua karanga. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, tupa zote. Usidanganyike kwamba moto utazisafisha: sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haimaliziki kwa kukaangwa.

2. Kaanga. Tumia kikaango kikavu, moto mdogo, ukigeuza bila kuacha kwa dakika 10 hadi 15. Moto mkali huunguza maganda huku ndani karanga ikiwa bado mbichi, na uchungu wa karanga iliyoungua hakuna tende itakayouficha. Pasua moja: ndani ikiwa na rangi ya dhahabu hafifu, epua na uzimwage mara moja kwenye sinia, maana kikaango cha moto huendelea kuzikaanga. Zikipoa kabisa, zifikiche kwa viganja na upepete maganda. Yakibaki machache, si neno.

Ufuta ukaange peke yake. Dakika 2 au 3 zinatosha. Ukianza kurukaruka na kunukia, epua.

3. Andaa tende. Zikiwa laini, ziache zilivyo. Zikiwa ngumu, ziloweke kwenye maji ya moto dakika 10, kisha zichuje na kuzikausha kwa kitambaa safi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: maji yakibaki, unapata uji mzito badala ya kitu cha kufinyanga.

4. Saga karanga kwanza, tende baadaye. Tende zikitangulia zitang'ang'ania kisu cha blenda na karanga hazitasagika. Washa na kuzima, washa na kuzima, mpaka upate chengachenga. Ukiiacha blenda izunguke tu, karanga zitatoa mafuta na kuwa siagi. Kinu na mchi vinafaa pia, na mimi navipendelea kwa sababu chenga hubaki kubwa kidogo, zinatafunika. Sasa tia tende, mdalasini na chumvi, usage mpaka vishikane. Chumvi usiiruke, ndiyo inayokata utamu wa tende usikinaishe.

5. Jaribu kwa kiganja. Chota kidogo, kamua, kisha fungua mkono. Tonge likibaki zima bila kukung'ang'ania vidoleni, mambo tayari. Likimeguka, ongeza kijiko kimoja cha chai cha maji ya moto. Likinata sana, ongeza karanga iliyosagwa. Fanya hivyo kidogo kidogo.

6. Viringisha. Lowesha viganja kidogo, tengeneza vitonge vya ukubwa wa kuliwa kwa mara mbili, vigaragaze kwenye ufuta, kisha viweke kwenye friji nusu saa vikaze.

Hifadhi kwenye chombo chenye mfuniko unaobana. Ndani ya friji hukaa wiki moja bila shida. Kama tende zililowekwa, usiviache nje ya friji.

Usile kama njugu, hata hivyo. Zaidi ya nusu ya uzito wa tende ni sukari, japo ya asili, kwa hiyo viwili kwa mkupuo vinatosha. Ukimpa mtoto mdogo, saga karanga ziwe laini kabisa, maana chenga zinaweza kumpalia. Na kabla ya kumkaribisha mgeni, muulize kama ana mzio wa karanga au ufuta. Mwenye mzio wa karanga unaweza kumtengenezea kwa mbegu za maboga zilizokaangwa, kipimo kilekile, ila kwa vyombo vilivyooshwa vizuri.