Namna ya kuandika swali la bunge ambalo waziri hawezi kulikwepa

Chukua Hansard ya siku yoyote, yaani kumbukumbu rasmi ya yaliyosemwa bungeni, nenda moja kwa moja kwenye kipindi cha maswali na majibu. Hutafika mbali kabla ya kukutana na "Serikali inatambua umuhimu wa...", au "kadiri fedha zitakavyopatikana", au "upembuzi yakinifu na usanifu wa kina unaendelea". Nimekuwa katibu wa mbunge kwa miaka kadhaa, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuandaa maswali. Majibu ya namna hiyo nimeyapokea mengi. Kila nilipokaa chini kulisoma upya swali lenyewe, mara nyingi niliona kwamba mlango wa kutokea tuliufungua sisi.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Ibara ya 63(3)(a), inalipa Bunge mamlaka ya kumwuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ni mamlaka makubwa, na hayahitaji wingi wa kura wala kibali cha chama. Mbunge mmoja, na karatasi moja iliyoandikwa vizuri, anaweza kuifanya wizara nzima itafute jibu. Mwongozo huu ni kwa makatibu wa wabunge, kwa wabunge wapya, na kwa mwananchi yeyote mwenye jambo analotaka mbunge wake alifikishe Dodoma.

Hatua ya 1: Jua unachotaka kiandikwe kwenye Hansard

Kabla hujaandika neno, jiulize: jibu likishatolewa, nataka kuwe na nini kwenye kumbukumbu rasmi ambacho leo hakipo? Kiasi cha fedha? Tarehe? Jina la taasisi inayobeba mzigo? Kama huwezi kukitaja kitu hicho kwa sentensi moja, swali bado halijaiva.

Kuna wabunge wanaotaka swali ili wasikike jimboni. Siwalaumu, wananchi wanafuatilia redioni na wanataka kusikia kijiji chao kikitajwa. Ila kutajwa hakuleti maji.

Hatua ya 2: Nenda ukaone kwa macho yako

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Majibu ya waziri hayatungwi na waziri. Swali likifika wizarani, maofisa huandika au hupiga simu mkoani na wilayani kuomba taarifa, na taarifa hiyo hupanda ngazi kwa ngazi hadi kuwa jibu. Maana yake, mara nyingi anayeeleza hali ya mradi ni yuleyule aliyeusimamia. Usipokuwa na taarifa yako mwenyewe, huna cha kulinganisha.

Niliwahi kwenda kwenye mradi wa maji ambao taarifa ya wilaya ilionyesha umekamilika kwa asilimia 95. Nilivizunguka vituo vyote vya kuchotea maji, kimoja kimoja, nikifungua koki na kuandika kwenye daftari. Vilikuwa 14. Vilivyotoa maji ni 5. Kwenye kituo cha tisa nilimkuta mama mmoja ameanika mihogo juu ya sakafu ya zege iliyojengwa kwa ajili ya ndoo. Nikamwamkia, nikamuuliza maji yalikatika lini. "Mwanangu, yalitoka siku mwenge ulipopita," akasema. "Kesho yake hayakutoka. Sisi tukarudi mtoni." Koki ilikuwa mpya kabisa, rangi haijachubuka.

Asilimia 95 haikuwa uongo kwa hesabu za ujenzi: mabomba yalikuwa yamelazwa, tenki limejengwa, vituo vimesimama. Kilichokosekana ni pampu yenye nguvu ya kusukuma maji hadi upande wa juu wa kijiji. Ndiyo maana usiulize "mradi umefikia asilimia ngapi". Uliza vituo vingapi vinatoa maji leo.

Ukishaona, tafuta karatasi. Mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri yake, kwa hiyo makabrasha ya vikao ni haki yake. Soma taarifa za utekelezaji za robo mwaka. Soma ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali, hasa ile ya serikali za mitaa na ile ya miradi ya maendeleo, ambazo hutoka hadharani kila Aprili. Soma vitabu vya bajeti: mradi wako uko fungu gani, ulitengewa kiasi gani mwaka jana na mwaka juzi? Na upekue tovuti ya Bunge uone kama swali hilo limewahi kuulizwa. Ukikuta jibu la miaka mitatu iliyopita lililoahidi kitu ambacho hakijafanyika, umepata dhahabu.

Jambo moja nalisema kwa uchungu. Kinga ya Ibara ya 100 ya Katiba inamlinda mbunge kwa anayoyasema bungeni. Haimlindi mhudumu wa zahanati aliyekupa nakala ya leja ya dawa. Mwaka mmoja niliweka ndani ya swali takwimu ambayo kwenye halmashauri hiyo ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja tu. Wiki chache baadaye alihamishiwa kituo cha mbali, akaacha watoto shuleni. Tangu hapo, takwimu ambayo siwezi kuipata kwa njia ya pili siiandiki. Naigeuza kuwa ombi: badala ya kusema "dawa hizi hazikufika", nauliza "ni shehena ngapi za dawa zilipokelewa kituoni kati ya tarehe hii na hii?" Waziri ndiye atakayeitoa.

Hatua ya 3: Mpelekee mwenye mzigo

Swali zuri likienda wizara isiyo yake, litapotea kati ya meza mbili. Haya ndiyo yanayokosewa mara nyingi, na mahali pake sahihi. Barabara za mikoa na barabara kuu ziko chini ya TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania), kwa hiyo ni Wizara ya Ujenzi. Barabara za wilaya, za vijijini na za mitaa ya mjini ziko TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), na swali lake ni la TAMISEMI, ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya ni TAMISEMI, lakini hospitali ya rufaa ya mkoa ni Wizara ya Afya. Majengo ya shule za msingi na sekondari za serikali na walimu wake ni TAMISEMI. Mitaala na vyuo vikuu ni Wizara ya Elimu. Maji vijijini yako chini ya RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, na anayejibu ni Waziri wa Maji.

Hatua ya 4: Andika

Tuchukue mfano ambao nimeutunga kutokana na maswali mengi ya aina hii. Rasimu ya kwanza huwa hivi:

"Wananchi wa Kijiji X wamekuwa wakiteseka kwa muda mrefu kwa kukosa maji safi na salama. Je, Serikali haioni umuhimu wa kuwapatia maji wananchi hao?"

Waziri atajibu kwa dhati kabisa kwamba Serikali inaona umuhimu huo. Swali limejibiwa, na mbunge hana pa kushika. "Haioni umuhimu" ndiyo maneno ninayoyafuta kwanza kwenye kila rasimu. Yanayofuata ni "ina mpango gani", maana mpango haukosekani kamwe, na "ina kauli gani", maana utapewa kauli.

Sasa soma hii:

"Mradi wa maji wa Kijiji X ulianza kujengwa Machi 2021. Kati ya vituo 14 vya kuchotea maji, 9 havitoi maji. Je:
(a) Mkandarasi amelipwa kiasi gani hadi sasa, na kwa kazi zipi?
(b) Ni lini vituo hivyo 9 vitaanza kutoa maji, na fedha za kazi hiyo ziko katika bajeti ya mwaka gani?"

Utangulizi ni sentensi mbili, zote zinathibitika. Kipengele (a) kinataka kiasi na kazi. Kipengele (b) kinafunga tarehe pamoja na bajeti, kwa sababu tarehe isiyo na fedha nyuma yake ni matumaini. Hakuna neno la lawama wala "kuteseka", ingawa watu wanateseka kweli. Kanuni za Kudumu za Bunge hazitaki hoja za kubishana, tuhuma wala kutafuta maoni ndani ya swali, na jambo lililo mahakamani haliruhusiwi kuulizwa. Swali lenye hayo litarudishwa na Ofisi ya Katibu wa Bunge au litakatwakatwa hadi lipoteze meno. Uchungu wako uweke kwenye usahihi wa takwimu.

Vipengele visizidi viwili. Ukiweka vinne, waziri atajibu kwa kirefu kile rahisi na kuvipita vingine.

Kama unachotaka ni orodha ndefu, kwa mfano vituo vya afya vyote vya mkoa vilivyojengwa lakini havina watumishi, omba jibu la maandishi. Jedwali halisomeki vizuri ukumbini, na jibu la mdomo litakupa jumla tu. Wabunge wengi hawapendi jibu la maandishi kwa sababu halina kamera. Mimi nalipenda. Halina makofi, hakuna wa kulikatiza, na kila safu ya jedwali ni ushahidi.

Hatua ya 5: Chagua wakati

Mkutano wa bajeti huanza Aprili na kumalizika mwisho wa Juni. Ukiuliza Juni kwa nini mradi haukutengewa fedha, vitabu vimeshachapwa. Swali la kudai fedha liende mkutano wa Novemba au wa Januari na Februari, wakati wizara bado zinapanga. Swali la kuuliza fedha zilizotengwa zimekwenda wapi ndilo la Aprili. Angalia muda wa notisi kwenye toleo la Kanuni linalotumika sasa, kisha wasilisha mapema kuliko unavyotakiwa.

Usishangae kama swali litaanza kufanya kazi kabla halijajibiwa. Simu kutoka wizarani zikianza kufika wilayani, fundi huonekana. Nimewahi kuona pampu inafungwa siku chache kabla ya tarehe ya jibu. Mbunge wangu alinuna kidogo kwamba swali lake limeharibika. Wanakijiji hawakununa.

Hatua ya 6: Tayarisha maswali ya nyongeza kabla ya siku yenyewe

Muuliza swali la msingi hupata nafasi ya maswali mawili ya nyongeza. Andika manne: mawili kwa jibu unalolitarajia, mawili kwa jibu baya. Asubuhi ya siku ya swali, piga simu kijijini uulize koki ngapi zinatoa maji leo. Waziri akisema mradi umekamilika, mbunge asimame na kusema: "Mheshimiwa Spika, hadi saa moja asubuhi ya leo vituo 9 havitoi maji. Je, Waziri anatumia kipimo gani kusema mradi umekamilika?" Hapo ukumbi unatulia.

Usitumie sekunde zako kwa pongezi, wala kwa "kwa kuwa" tatu mfululizo kabla ya swali. Na lile swali la "je, Naibu Waziri yuko tayari kuongozana nami jimboni?" liache. Atasema yuko tayari, watu watapiga meza, na nafasi yako imekwisha. Mwalike kwenye korido baada ya kikao.

Kwa wasomaji wa Kenya, mazingira yenu ni tofauti. Tangu Katiba ya 2010 mawaziri wenu si wabunge, na Ibara ya 153 inawataka wafike mbele ya kamati wanapotakiwa. Kwenye kamati kuna muda wa kuhoji kwa undani, kwa hiyo hatua ya 2 na ya 4 zinawafaa zaidi kuliko hii.

Hatua ya 7: Jibu likitoka, ndipo kazi inaanza

Fungua daftari la ahadi. Mimi natumia safu tano: namba ya swali, tarehe ya jibu, maneno ya waziri kama yalivyo kwenye Hansard, tarehe aliyoahidi, na hali ilivyo nilipokwenda kuangalia. Tarehe ya ahadi ikipita, mbunge aandike barua kwa waziri akinukuu neno kwa neno. Barua isipojibiwa ndani ya mwezi, andaa swali jipya linaloanza na "Katika jibu la swali Na. fulani, Serikali iliahidi...".

Na Bunge la bajeti likifika, wakati Kamati ya Matumizi (Bunge zima likikaa kama kamati kupitisha bajeti kifungu kwa kifungu) inapofikia kifungu cha mshahara wa waziri huyo, mbunge anaweza kushika shilingi, yaani kutoa hoja ya kupunguza shilingi moja kwenye mshahara huo ili apate maelezo. Wengi hushika shilingi kwa hasira na kuiachia baada ya dakika tano za maelezo matamu. Aliye na daftari husoma tarehe tatu: siku ya ahadi, siku ya barua, na siku aliyokwenda kijijini akakuta koki kavu. Wenzake humuunga mkono kwa urahisi, kwa sababu kila mmoja ana kijiji cha namna hiyo jimboni kwake.

Mwisho, chapa ukurasa wa Hansard wenye jibu, nakala kumi tu. Mpe mwenyekiti wa kijiji ausome kwenye mkutano mkuu, nyingine ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata, na moja mpelekee yule mama wa kituo cha tisa. Mwachie na namba yako ya simu, ili siku ya tarehe iliyoahidiwa afungue koki na kukujulisha.