Nguo ya ndani ya kupandia farasi wakati wa joto: anza na mshono

Naongoza wageni kwa farasi huku Kilimanjaro Magharibi, na Januari na Februari ndiyo miezi inayotupa kazi. Jua kali, vumbi jingi, na mtu anakaa kwenye tandiko saa nne au tano kwa siku. Kila msimu kuna anayeshuka akitembea miguu kando kando, na ukimuuliza kwa upole anakwambia amechubuka. Mwaka wangu wa kwanza yalinipata mimi: siku tatu mfululizo na chupi ya pamba yenye mshono mnene, kisha wiki nzima sikuweza kupanda. Tangu hapo nimejaribu nguo nyingi, na nimefika mahali pa kusema hivi: wengi huuliza kitambaa kwanza, lakini kidonda huanzia kwenye mshono.

Hatua ya 1: Jua mwili wako unasuguliwa wapi

Ni sehemu tatu. Mifupa ya makalio unayokalia, kinena pale mguu unapoungana na kiwiliwili, na ndani ya mapaja kushuka hadi karibu na goti. Farasi akitembea tu, hakuna shida kubwa. Akianza mwendo wa matiti, yaani kukimbia polepole kwa kurukaruka, unainuka na kukaa, unainuka na kukaa, na kila mara nguo inasugua palepale. Jasho nalo likikauka linaacha chumvi, chumvi inashikana na vumbi, na hapo ni kama umevaa msasa.

Hatua ya 2: Geuza nguo nje ndani

Fanya hivi hapohapo dukani, usione haya. Pitisha mshono juu ya ngozi laini ya ndani ya kifundo cha mkono, huku ukikandamiza. Mshono wa ovaloki wa kawaida husimama kama ukingo mdogo, utausikia. Unaoutaka ni mshono bapa, uliolazwa, ambao mkono unapita juu yake bila kukwama. Kisha angalia chini kabisa, katikati ya miguu. Kama mishono minne inakutana hapo na kufanya fundo, irudishe, hata kama kitambaa ni kizuri namna gani. Nguo nzuri ina kipande kipana cha kitambaa sehemu hiyo, na mishono imesogezwa mbele na nyuma, mbali na unapokalia. Lebo iliyoshonwa kiunoni pia hukwaruza. Afadhali iliyochapishwa kwenye kitambaa chenyewe.

Hatua ya 3: Sasa kitambaa

Katika hewa ya kawaida pamba hubeba unyevu wa takriban asilimia 8 ya uzito wake, nailoni kama asilimia 4, na polyesta chini ya asilimia 1. Kwa hiyo pamba inakunywa jasho na kukaa nalo. Inalowa, inakuwa nzito, inakunjamana chini yako, na ngozi iliyolowa huchubuka upesi kuliko iliyo kavu. Polyesta au nailoni iliyofumwa vizuri husambaza jasho kwa upana ili hewa ilikaushe. Tafuta lebo inayoonyesha mojawapo ya hizo pamoja na spandeksi kidogo ili nguo ivutike bila kulegea. Kwa wanawake, kipande cha ndani cha pamba nyepesi pale chini hakina ubaya. Sufu ya merino nayo ni nzuri na haishiki harufu haraka, ila bei yake kubwa na kukauka kwake kunachukua muda.

Lebo peke yake haitoshi, kwa sababu kuna polyesta nzito kama turubai. Weka kitambaa mdomoni upulize: upande wa pili mkono wako usikie pumzi. Ukifika nyumbani kifue mara moja, maana nguo mpya huwa na dawa za kiwandani, kikauke, halafu dondoshea tone la maji upande wa ndani. Tone likitandaa na kupotea, umepata. Likibaki duara kama kwenye jani la gimbi, jasho lako nalo litafanya vivyo hivyo.

Hatua ya 4: Umbo

Mwanaume avae boksa ndefu inayobana, ifike katikati ya paja. Ile bukta pana hujikunja, na haishikilii kitu; kwenye mwendo wa matiti utajuta. Mwanamke anaweza kuvaa boksa ya aina hiyohiyo ya kike, au chupi isiyo na lastiki ngumu miguuni. Chupi za kamba wapo wanaozipenda, lakini kwa safari ndefu kamba yenyewe inageuka mshono. Na usisahau sidiria ya michezo, kwa vigezo vilevile vya mshono na kitambaa.

Wageni wengi huja na zile za baiskeli zenye sponji. Mimi sizipendi kwa joto letu. Sponji inashika jasho na inakutenga na tandiko, husikii mgongo wa farasi unavyokwenda.

Hatua ya 5: Kununua

Nunua mpya. Nguo za ndani za mitumba zimepigwa marufuku na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kwa sababu za kiafya, na hata zikiuzwa kichinichini, lastiki yake imeshachoka. Si lazima utafute duka la vifaa vya farasi. Ingia maduka ya vifaa vya michezo uulize taiti fupi za wachezaji wa mpira, zile zinazovaliwa chini ya bukta. Nyingi zina mshono bapa.

Hatua ya 6: Ijaribu kabla ya safari

Kunja blanketi, liweke juu ya benchi, vaa na suruali yako ya kupandia, ukae kama juu ya farasi. Inuka na ukae mara hamsini. Ukihisi kitu kinachoma au kujikunja, juu ya farasi kitazidi. Ikipita hapo, panda nusu saa tu, kisha jikague ngozi.

Hatua ya 7: Kufua na kuanika

Uwe nazo tatu. Fua jioni kwa sabuni kidogo, suuza sana, viringisha ndani ya taulo ukamue. Asubuhi iwe kavu. Dawa ya kulainisha nguo usitumie, inaziba njia ya jasho. Pasi ya moto pia inaharibu spandeksi, na hapa kuna jambo la kuangalia. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, na funza wake huingia ngozini. Pamba tunaipiga pasi kali na mayai yanakufa. Hizi huwezi, kwa hiyo zianike ndani ya nyumba au ndani ya chandarua, kamwe si kwenye nyasi.

Siku ya safari paka mafuta ya mgando kidogo kwenye kinena na mapaja kabla ya kuvaa, hata kama hujawahi kuchubuka. Ukishachubuka, osha kwa maji safi, kausha vizuri, upumzike siku moja au mbili. Na ukiona wekundu unaosambaa na kuwasha, huenda ni fangasi. Nenda kituo cha afya wakaangalie.