Jinsi ya kuisoma katiba ya Texas na kujua mlango wa kubisha

Muulize mtu aliyehamia Houston au Fort Worth nani anaongoza Texas, atakutajia gavana. Kwa mambo yanayomgusa mtu wa kawaida kila mwezi, yaani kodi ya nyumba, shule, hospitali ya umma na bomba la gesi lililopita nyuma ya ua, hilo ni jibu nusu. Katiba ya Texas ya 1876 iliandikwa na watu waliochoshwa na serikali kali ya miaka iliyofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe. Waliyakatakata madaraka, kila kipande wakamkabidhi mtu wake, na vingi wakavifunga kwa kufuli ambalo hata Bunge haliwezi kulifungua peke yake. Ukiwa na shida, kazi ya kwanza ni kujua imefungiwa wapi.

Anza na karatasi, mtu atafuata

Uhamiaji, uraia na pasi ni vya Washington. Mbunge wa jimbo hawezi kukusaidia hapo. Leseni ya udereva, ndoa, mirathi, leseni za taaluma na kesi nyingi za jinai ni sheria za jimbo, na Bunge la Austin, makao makuu ya jimbo, linaweza kuzibadili kwa muswada wa kawaida. Takataka, vibali vya ujenzi na sheria ndogondogo ni za mji. Kaunti ziko 254, na kaunti ina mamlaka yale tu iliyopewa na katiba au sheria ya jimbo, wakati mji wenye watu zaidi ya 5,000 unaweza kujiandikia mkataba wake wa kujitawala. Ndiyo maana ofisa wa kaunti akikwambia "hatuna uwezo huo," mara nyingi hakwepi kazi. Kweli hana.

Wageni hukosea kwenye tabaka la nne. Mambo ambayo kwingine ni sheria za kawaida, Texas yameandikwa ndani ya katiba yenyewe, ambayo imerekebishwa zaidi ya mara 500. Katiba ya Marekani imerekebishwa mara 27. Isome mtandaoni, kwa maana nakala ya kitabu huchakaa kila baada ya miaka miwili. Usihangaike kuimaliza. Sura ya I ni haki za raia, ya III Bunge, ya IV gavana na wenzake, ya V mahakama, ya VII elimu, ya VIII kodi, ya IX kaunti, ya XI miji. Sura ya XVI ni stoo: kila kilichokosa pa kuwekwa kimetupwa humo. Ukiona Sura ya XIII haipo, nakala yako haina kasoro. Ilihusu hati za ardhi za enzi za Hispania na Meksiko, ikafutwa 1969.

Chukua mfano wa nyumba. Jimbo halitozi kodi ya majengo, maana Sura ya VIII imelikataza. Wanaotoza ni wilaya ya shule, kaunti, mji, na pengine wilaya ya hospitali, na zote hutokea kwenye bili moja au mbili. Lakini punguzo kwa anayeishi kwenye nyumba yake limo kwenye katiba: kwa kodi ya shule, dola 140,000 hutolewa kwenye thamani ya nyumba kabla ya kupiga hesabu, baada ya kura ya Novemba 2025. Nyumba iliyothaminiwa dola 300,000 hutozwa kodi ya shule kana kwamba ni ya 160,000.

Kulipata punguzo hilo hakuhitaji mwanasiasa. Jaza fomu 50-114, ipeleke ofisi ya uthamini ya kaunti yako kufikia tarehe 30 Aprili. Ni bure. Barua zinazoletwa na kampuni zikitaka ada ili "zikusaidie" kuijaza, zitupe. Maombi mengi hukwama kwa sababu moja: anwani kwenye leseni ya udereva au kitambulisho cha Texas hailingani na anwani ya nyumba. Badilisha leseni kwanza, fomu baadaye. Kama tatizo ni thamani yenyewe iliyowekwa juu mno, hiyo ni njia nyingine, ya pingamizi, na mwisho wake ni 15 Mei au siku 30 tangu utumiwe notisi, itakayochelewa kati ya hizo.

Sasa tuseme unataka 140,000 iwe 200,000. Ofisi ya uthamini haiwezi, kaunti haiwezi, gavana hawezi. Inatakiwa marekebisho ya katiba. Hali ni hiyohiyo kwa kodi ya mapato ya mtu binafsi, iliyopigwa marufuku na wapiga kura mwaka 2019.

Gavana ana wenzake, na hakuwateua

Makamu wa gavana, Mwanasheria Mkuu, Mhasibu Mkuu, Kamishna wa Ardhi na Kamishna wa Kilimo kila mmoja huchaguliwa kivyake na wananchi. Gavana hawezi kuwafukuza. Katibu wa jimbo, anayesimamia uchaguzi, ndiye anayeteuliwa naye. Mhasibu Mkuu ana rungu ambalo watu hulisahau: bajeti ya miaka miwili haiendi kwa gavana mpaka yeye athibitishe kwamba fedha zitapatikana.

Mitego ya majina iko mingi. Tume ya Reli haina habari na reli siku hizi. Makamishna wake watatu husimamia mafuta, gesi na mabomba, na malalamiko ya bomba hupelekwa huko. Jaji wa kaunti kwa kawaida ni kiongozi wa utawala: yeye na makamishna wanne huketi kwenye kikao kinachoitwa mahakama ya makamishna, na wanachofanya humo ni kupitisha bajeti na kupanga barabara. Mahakama za juu kabisa nazo ni mbili, moja ya madai na moja ya jinai, kila moja na majaji tisa wa kuchaguliwa. Ukikata rufaa ya jinai kwenye ile inayoitwa Mahakama Kuu ya Texas umekosea nyumba.

Mwenye nguvu kuliko cheo chake kinavyosikika ni makamu wa gavana. Ndiye anayeongoza Seneti, huteua wenyeviti wa kamati, na huamua muswada uende kamati ipi. Muswada aliouchukia huweza kulala bila hata kusikilizwa.

Siku 140

Mkutano wa kawaida wa Bunge ni siku 140 tu kila mwaka usiogawanyika kwa mbili, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari. Wawakilishi ni 150, maseneta 31, na mshahara wao ni dola 600 kwa mwezi, uliotajwa kwenye katiba, pamoja na posho ya kila siku ya kikao. Kwa hiyo mbunge wako ana kazi nyingine, na mwaka wa kati ofisi yake huwa na watu wachache. Mkutano wa 2025 uliletewa miswada zaidi ya 8,000. Iliyopita ni kama 1,200. Mingi haikupigiwa kura ya hapana. Iliishiwa na siku.

Andika tarehe hizi za mkutano ujao. Miswada huanza kupokelewa 9 Novemba 2026. Bunge linafunguliwa 12 Januari 2027. Ndani ya siku 60 za mwanzo halipitishi muswada isipokuwa ule ambao gavana ametangaza ni wa dharura. Siku ya 60, 12 Machi, ndiyo mwisho wa kuleta muswada wa kawaida. Baada ya hapo unahitaji ridhaa ya wanne kwa kila watano. Kwa kanuni za mikutano ya karibuni, muswada wa Baraza la Wawakilishi ambao haujasomwa mara ya pili ukumbini kufikia siku ya 122 umekufa, na mwaka 2027 siku hiyo ni 13 Mei. Mwisho wa yote ni 31 Mei.

Kwa hiyo ukitaka mbunge akuletee muswada, mwone Septemba au Oktoba 2026. Atakayekwenda Februari atapewa tabasamu na chai.

Ndani ya siku hizo muswada hupita vizingiti hivi: kusomwa mara ya kwanza na kupelekwa kamati, kusikilizwa na kamati, kusomwa mara ya pili, ambapo mjadala wenyewe hufanyika, mara ya tatu, kisha nyumba ya pili ya Bunge, yaani Seneti au Baraza la Wawakilishi, huanza upya. Kwenye Baraza la Wawakilishi kuna kamati ya ratiba, inayopanga siku ya mjadala, kati ya kamati ya kwanza na ukumbi, na hapo ndipo pa kuangalia Aprili. Ukisikia "umepita kamati kwa kura zote," usishangilie. Uliza kama umepewa siku. Kwenye Seneti kizingiti ni kingine: kwa kanuni zinazotumika tangu 2021, muswada huhitaji ridhaa ya maseneta 18 kati ya 31 ndipo ujadiliwe.

Akidi, yaani idadi ya wabunge inayotakiwa ili kikao kiendelee, ni theluthi mbili. Wawakilishi 51 wakiondoka, kazi inasimama. Wademokrati walikwenda Washington 2021 na Illinois 2025 kwa hesabu hiyohiyo. Mara zote mbili walirudi na muswada waliokuwa wakiupinga ukapita.

Ukifungua muswada kwenye capitol.texas.gov, angalia maneno yaliyopigiwa mstari chini: hayo yanaongezwa. Yaliyokatwa kwa mstari katikati yanaondolewa. Kisha hakikisha unasoma toleo la mwisho, kwa kuwa kamati huweza kubadili muswada mzima ikabaki namba tu. Soma pia masharti ya idadi ya watu. Katiba inakataza Bunge kutunga sheria kwa kaunti moja kwa jina, basi huandika vipimo: sheria ya 2023 iliyofuta ofisi ya msimamizi wa uchaguzi ilihusu "kaunti zenye watu zaidi ya milioni 3.5." Ni moja tu, Harris, yaani Houston.

Kuzungumza mbele ya kamati huhitaji kufika Austin na kujiandikisha kwa mashine zilizomo jengoni. Si lazima uwe raia. Utaulizwa unaunga mkono, unapinga au unaeleza tu. Utapewa dakika 2 au 3, basi andika hoja moja na mfano mmoja wenye namba, ukurasa mmoja, nakala za kutosha wajumbe wote. Taarifa ikisema kikao kitaanza "Bunge likiahirishwa," hiyo saa haijulikani. Watu huitwa saa nne usiku. Beba chakula na chaja. Asiyeweza kusafiri, kama ni mkazi wa Texas, anaweza kuandika maoni mtandaoni kwa kamati za Baraza la Wawakilishi.

Muswada ukipita nyumba zote mbili, gavana ana siku 10, bila Jumapili. Bunge likiwa limevunja kikao, ana 20 tangu siku hiyo. Akikaa kimya unakuwa sheria. Akitumia kura ya turufu, yaani kuukataa muswada, baada ya wabunge kwenda nyumbani, hakuna wa kumjibu, na ndiyo sababu mara ya mwisho Bunge lilimshinda gavana ni 1979. Sheria huanza kutumika siku ya 91 baada ya Bunge kumaliza, au tarehe iliyotajwa ndani, mara nyingi 1 Septemba. Ili ianze mara moja inatakiwa theluthi mbili.

Ukihitaji katiba ibadilike

Hapa gavana hana sahihi wala turufu. Azimio, lenye alama HJR likianzia Baraza la Wawakilishi au SJR likianzia Seneti, linahitaji wawakilishi 100 na maseneta 21, kisha wananchi, kwa wingi wa kura tu, kwa kawaida Novemba ya mwaka huohuo. Wananchi wa Texas hawawezi kukusanya sahihi na kulipeleka pendekezo lao moja kwa moja kwenye kura. Lazima lipite kwa wabunge.

Angalia kama azimio lina muswada wa kulitekeleza. Mara nyingi viwili hivyo husafiri pamoja, na muswada huanza tu wananchi wakikubali. Azimio likipita na muswada ukafia kamatini, katiba imetoa ruhusa tupu.

Kwenye karatasi ya kura utakuta sentensi moja tu kwa kila pendekezo, na maandishi kamili hayamo. Yasome nyumbani. Mwisho wa kujiandikisha kupiga kura ni siku 30 kabla ya uchaguzi, na ni kwa raia wa Marekani pekee. Mwenye kadi ya kijani akiwekewa fomu hiyo mbele yake, hata na mtu mwenye nia njema, asiijaze: kudai uraia usio nao kunaweza kumfungia njia ya kuupata.