Kuchagua mashine ya kukata kona ya reli na stendi yake: hatua nilizompitisha shemeji

Shemeji alinipigia simu akiwa dukani Kariakoo. Mbele yake kulikuwa na mashine mbili za kukata kona (misumeno ya umeme inayoshushwa juu ya ubao), moja yenye bledi ya inchi 12 na nyingine ya inchi 8 na nusu, na muuzaji alishaanza kufunga ile kubwa kwenye boksi lake. Nikamwambia, "Shemeji, usilipe kwanza. Unataka kutengeneza nini?" Akasema shelfu za stoo, kabati la jikoni na fremu za picha. Nikamwambia achukue ile ndogo, na hela inayobaki inunue mbao na plaiwudi za stendi. Jumamosi iliyofuata tukaifunga pamoja nyumbani kwake, na hatua zenyewe ndizo hizi.

Hatua ya 1: Anza na mbao, mashine baadaye

Tafuta ubao mpana kuliko zote utakazokata. Kwa kazi za nyumbani mara nyingi ni wa inchi 10, na mara mojamoja wa inchi 12. Mashine ya inchi 10 isiyo na reli (fito ambazo kichwa cha mashine huteleza mbele na nyuma) hukata upana wa sentimita 13 hivi, basi. Ubao wa shelfu haupiti. Yenye reli, hata ikiwa na bledi ya milimita 216 tu (ndiyo hiyo inchi 8 na nusu), nyingi hufika karibu sentimita 30. Kumbuka kwamba ukiigeuza kwenye nyuzi 45 upana huo unashuka hadi sentimita 21 hivi, kwa sababu bledi inakata kimshazari.

Ile ya inchi 12 inafaa kwa anayekata nguzo nene kila siku. Nyumbani ni mzigo: ni nzito kuhamisha, bledi zake ni ghali, na bledi kubwa huyumba kirahisi kuliko ndogo.

Hatua ya 2: Soma kibandiko cha umeme

Iwe 220 hadi 240 V. Mashine ya mtumba kutoka Marekani ni ya 120 V, na yenye plagi ya njano ya duara kutoka Uingereza ni ya 110 V. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya nyumbani, mota imekwenda.

Hatua ya 3: Itikise dukani

Vuta kichwa cha mashine hadi mwisho wa reli, kishushe, shika mpini na utikise kushoto na kulia. Kikicheza, iache. Hakuna bledi nzuri itakayoponya reli zilizolegea. Kisha kisukume nyuma polepole ukiwa umefumba macho. Mkono utakuambia kama kuna mahali beringi zinakwaruza.

Angalia pia reli zinakoishia. Nyingine hutokeza nyuma ya mashine zaidi ya futi moja, kwa hiyo haziwezi kukaa karibu na ukuta. Bosch wana aina yenye mkono wa kujikunja, na Makita wana yenye reli zisizotokeza nyuma. Zote mbili zinafaa kwenye chumba kidogo.

Leza, ule mstari wa mwanga unaoonyesha pa kukata, isikushawishi kulipa zaidi, kwa sababu huhama na kuhitaji kurekebishwa. Napenda zaidi ile taa ya baadhi ya mashine za DeWalt inayomulika bledi kutoka juu ili kivuli chake kiangukie ubao. Kivuli ni cha bledi yenyewe, kwa hiyo hakiwezi kukudanganya ni wapi itakata.

Hatua ya 4: Stendi

Hapa ndipo nilipopoteza Jumamosi mbili, kwa hiyo nitakaa.

Stendi ya kukunja ya kiwandani inamfaa fundi anayehama saiti hadi saiti. Nyumbani jenga meza: miguu ya 2x4, juu plaiwudi ya milimita 18, katikati pameshuka ili mashine ikae, na bawa kila upande. Mbao zetu huuzwa za futi 12, yaani zaidi ya mita 3 na nusu, kwa hiyo angalau bawa moja liwe na urefu wa mita 1.2.

Uso wa mabawa uwe usawa mmoja na meza ya mashine. Laza rula ndefu ya chuma kutoka bawa hadi bawa na uchungulie mwanga chini yake. Panapopungua ingiza vipande vya plaiwudi nyembamba. Bawa likiwa chini, ubao huinuka kwenye bledi na ncha hukatika ikiwa imelala. Mabawa yote mawili yakiwa juu ni hatari zaidi. Ubao hubonyea katikati, mkato hujifunga kwa juu bledi ikiwa bado ndani, na bledi iliyobanwa hurusha mbao.

Sasa yaliyonipata. Kwenye bawa la kushoto nilipigilia papi la paini (ukanda mwembamba wa mbao) liwe mwendelezo wa kiegemeo cha mashine, kile chuma cha nyuma ambacho ubao huegemea, ili nifungie hapo kizuizi cha kukatia vipande vya urefu mmoja. Siku ile lilikuwa limenyooka kabisa. Baada ya wiki kadhaa shelfu zangu za milimita 250 zikaanza kutoka zimepinda kwa karibu milimita 1. Nikailaumu mashine. Nikalegeza bolti za kiegemeo, nikaweka skweya (kipimo cha pembe ya nyuzi 90), nikakaza, nikakata kipande kifupi: sawasawa. Nikakata ubao mrefu: umepinda. Nikalegeza tena. Nilirudia hivyo hadi jioni, na Jumamosi iliyofuata nikaanza upya.

Kumbe papi lilikuwa bichi. Lilipokauka lilijikunja, likatokeza mbele milimita 3 kwa umbali wa sentimita 90 kutoka kwenye bledi. Ubao mrefu uligota pale, ukakaa mshazari mbele ya bledi. Milimita 3 kwa 900 ni karibu milimita 0.8 kwa upana wa 250, yaani kosa lilelile nililokuwa nikilitafuta ndani ya mashine nzima. Kipande kifupi hakikulifikia papi, ndiyo maana kilitoka vizuri.

Kwa hiyo, kabla hujagusa bolti yoyote ya mashine, fanya hivi:

1. Chukua ukanda wa MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) wa upana wa sentimita 20, uliokatwa kwenye mashine ya kukatia mbao za bapa kama plaiwudi, ili kingo zake ziwe sambamba. Ubao wa sokoni hautakupa jibu la kweli.
2. Kata katikati kipande kifupi kinachogusa kiegemeo cha mashine peke yake. Nusu moja igeuze juu chini, ziegemeze zote mbili kwenye kitu kilichonyooka, kisha zikutanishe pale zilipokatwa. Uwazi ukionekana, kosa lako ni nusu yake.
3. Rudia kwa ukanda mrefu unaofika bawani.

Vifupi vikikutana vizuri na virefu vikiachana, tatizo ni stendi. Vyote vikiachana, hapo ndipo urekebishe kiegemeo cha mashine: chomoa plagi, legeza bolti, weka skweya kwenye bati la bledi na siyo kwenye meno, kisha kaza bolti kidogo kidogo kwa zamu, kwa sababu ukikaza moja mpaka mwisho kiegemeo husogea. Skweya nayo uihakiki. Chora mstari kwenye plaiwudi, igeuze, chora tena palepale. Mistari isipolingana, itupe.

Dawa ya papi ni kulirudisha nyuma milimita 5 kutoka mstari wa kiegemeo cha mashine, na kutumia plaiwudi badala ya mbao. Halitaugusa ubao kamwe. Kazi yake itakuwa kubeba kizuizi tu. Kizuizi kiwe kirefu cha kutosha kuufikia ubao, na pembe yake ya chini uichonge kidogo, la sivyo unga wa mbao utajikusanya hapo na vipande vitatoka vifupi.

Hatua ya 5: Bledi

Pima tundu kabla ya kununua. Kwa mashine za 216 mara nyingi ni milimita 30. Chukua ya meno 48 au 60, ambayo meno yake yameinamia nyuma kidogo. Yale yaliyoinamia mbele, ya kupasulia, hujivuta yenyewe na kupanda juu ya ubao.

Hatua ya 6: Mkato wa kwanza

Vuta kichwa kwako, washa, shusha, kisha sukuma. Usikate ukivuta. Mkono uwe sentimita 15 au zaidi kutoka kwenye bledi, na subiri isimame kabla ya kuinua. Ukikata mvule, vaa barakoa, kwa maana vumbi lake huwasha kifua na ngozi, na mfuko wa mashine hukamata sehemu tu.

Baada ya wiki mbili rudi na spana kwenye miguu ya stendi. Paini hukauka na kusinyaa, na bolti ulizokaza vizuri utazikuta zimelegea. Zikaze, kisha laza tena rula juu ya mabawa.