Namna ya Kuifanya Kazi ya Ziada Ionekane

Andika siku ileile, kwa kuwa kumbukumbu inayokusanywa mwisho wa mwezi huwa na mapengo ambayo msimamizi atayaona kabla hujamaliza kueleza. Usiseme tu kwamba ulichelewa kutoka; andika, kwa mfano: "Jumanne, saa 11:00 jioni hadi saa 2:15 usiku, nimesahihisha ankara 14 zilizokosewa, kwa agizo la msimamizi, na zimetumwa kwa wateja usiku huohuo." Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito, maana saa peke yake zinaweza kudhaniwa kuwa ni uzembe wa mchana, ilhali kazi iliyokamilika inajieleza.

Agizo likitolewa kwa mdomo, lithibitishe kwa barua pepe fupi kabla hujaanza.

Kudai kumbukumbu si utovu wa adabu hata kidogo: Mkataba Namba 1 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, unaohusu kazi za viwandani, unamtaka mwajiri aweke rekodi ya saa za ziada, na malipo yake yasipungue mara 1.25 ya kiwango cha kawaida. Linganisha daftari lako na hati ya mshahara mara tu unapoipokea, na tofauti yoyote iulizie kwa maandishi.