Ukitaka Mazda Roadster, anza kuangalia chini ya mlango

Mimi ni fundi bodi, gereji yangu iko Tabata, Dar. Nalisema hilo mapema ili ujue ushauri huu unatoka upande gani. Fundi injini atakuanzishia habari za kompresheni, fundi umeme atakuambia gari ni waya. Kwa Noah, IST au Harrier nawaachia waanze wao. Kwa gari la siti mbili lenye paa la turubai naanza mimi.

Gari la kawaida lina paa la bati lililochomelewa, na paa hilo husaidia kuishika mbele na nyuma ya gari visipinde. Roadster halina msaada huo. Mzigo wote unabebwa na sakafu pamoja na vizingiti, yaani zile boksi mbili za bati zinazopita chini ya milango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Injini ikifa utapata nyingine. Kizingiti kikioza, unaendesha vipande viwili vya gari vilivyoshikwa na rangi.

Sasa, kwa nini ulitake gari lenyewe? Wengi wanaoniuliza huanza na CC. Langu ni la aina ya pili, NB6C (herufi hizi nitazieleza), injini ya 1.6, gia tano za mkono, nguvu za farasi 125 lilipotoka kiwandani. Crown Athlete itaniacha bila hata kuhangaika. Utamu wake ni uzito: kilo elfu moja na ushee, kama IST, ila hili linasukumwa na matairi ya nyuma, umekaa karibu na lami, na injini imesogezwa nyuma mpaka uzito unagawanyika karibu sawa kwa sawa. Ukikata kona, linakwenda ulikolielekeza. Hapa kwetu hilo lina faida kuliko spidi, maana kila penye makazi ni 50 na trafiki yuko chini ya mwembe na tochi yake. Gari zito lenye farasi 300 linasinzia kwenye spidi hiyo. Hili, ukitoka Mombo kupanda Soni hadi Lushoto, gia ya pili na ya tatu, unalitumia lote na hujavunja sheria ya mtu.

Yapo ya aina nne, na herufi za mwanzo za namba ya chesisi ndizo zinazokuambia ni lipi. NA ni la kwanza, lilionyeshwa Chicago Februari 1989, na Japani likauzwa kwa jina la Eunos Roadster. Taa zake hulala na kuchomoza, na lenye injini ya 1.6 lina kilo kama 940 tu. Ni zuri, na ndilo linalonitisha kuliko yote kwa sababu ya umri. Kioo chake cha nyuma ni plastiki, kinageuka njano kisha kinapasuka. NB lilitoka 1998, taa zimetulia na kioo cha nyuma ni kioo kweli. NC la 2005 lilinenepa kidogo na likapewa injini ya 2.0. ND lilipokuja 2015 wakarudi kwenye wepesi: lile la bei ya chini kule Japani, la 1.5, lina kilo 990.

Mtu asiyetaka kushika spana kila Jumapili namwelekeza kwenye NC au ND. Zote mbili zina taimingi cheni, wakati NA na NB zina belti ya kubadilishwa kila kilomita 100,000, na wakifungua huko waambie wabadilishe na wota pampu. Injini ya NC ni ya familia moja na ile ya 2.0 ya Axela na Atenza, na 1.5 ya ND ni ndugu wa ile ya Axela, kwa hiyo kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani, Dar, hutahangaika sana. Nenda na namba ya spea. Ukitaja neno Roadster, muuzaji atakuangalia tu usoni.

Nani mwingine yumo kwenye mashindano haya? Toyota MR-S, lililotengenezwa kuanzia 1999 hadi 2007, injini iko nyuma ya siti. Injini yenyewe ni 1ZZ, ileile ya Allion 1.8 na Wish, kila fundi wa Dar ameshaifungua. Hilo ni jambo kubwa. Lakini za mwanzo zinakula oili, na vile vichujio vya moshi vilivyomo ndani ya manifodi, bomba linalopokea moshi wa injini, hubomoka, vumbi lake likarudi kuimaliza injini. Muulize mwenye gari kama vimeshatolewa. Na ukiona limeandikwa SMT, yaani halina pedali ya klachi lakini si automatiki, mwachie mwenzako. Honda S2000 ni mashine ya watu waliotulia kifedha, na si jepesi, linapita kilo 1,200. Daihatsu Copen ni tamu ila linavutwa na matairi ya mbele. Lotus Elise la kwanza lilikuwa na kilo kama 725, lakini bodi yake ni faiba juu ya alumini iliyogundishwa kwa gundi, na mimi kwa silaha zangu za kuchomelea siwezi kukudanganya kwamba nitakusaidia.

Kama unaagiza Japani

Usinunue kwa picha za rangi inayong'aa. Dai karatasi ya mnada, ile yenye mchoro wa gari uliojaa herufi. Gredi ya 4 au 4.5 ni gari zuri, 3.5 ni la kuulizia, na R ni gari lililogonga likatengenezwa. Si kila R ni mkosi, lakini kwa gari lisilo na paa la bati mimi siigusi mpaka nione picha za chini. Halafu soma mchoro: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni bati lililonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Herufi zangu mimi ni S na C. S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula. Zikikaa karibu na gurudumu la nyuma au chini ya mlango, funga kompyuta.

Uliza pia gari limeishi wapi. Japani ya kaskazini, Hokkaido, Aomori, Niigata, kuna theluji, na barabara zake humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Gari la huko linaweza kuwa na kilomita chache na siti safi kabisa, chini limekuwa biskuti.

Mnunuzi wa Kenya hana uchaguzi mpana: sheria yao hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, hivyo ya zamani atayatafuta miongoni mwa yale yaliyokwisha kuingia nchini. Sisi Tanzania tunaruhusiwa, ila uzee unalipiwa. Juu ya ushuru wa forodha wa 25% na VAT ya 18%, gari lililozidi miaka 10 huongezewa ushuru wa uchakavu wa 30%, na la kati ya 8 na 10 huongezewa 15%. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kabla hujatuma hata dola moja, na ukumbuke wanaangalia thamani iliyo kwenye mfumo wao, siyo risiti yako peke yake. Bajeti ya Juni ikisomwa, kokotoa upya.

Likiwa mbele ya macho yako

Njoo asubuhi, gari likiwa kavu. Likioshwa, kila kitu kinang'aa na huoni kitu. Beba chupa ya maji, sumaku, tochi ya simu na jeki yako mwenyewe.

Anza na maji. Turubai likiwa limefungwa, maji ya mvua hushuka kwenye pembe za nyuma, nyuma ya mikanda ya siti, yanaingia kwenye vitundu na kutokea chini, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Vitundu hivyo vikiziba, maji hubaki ndani ya kizingiti. Huko Japani huziba kwa vumbi. Hapa Dar ni majani ya mwarobaini, kwa sababu kila mtu anatafuta kivuli. Fungua turubai nusu, mimina maji taratibu kwenye pembe moja, halafu chungulia chini. Yakitoka, vizuri, nenda pembe ya pili. Yasipotoka, ingiza mkono chini ya zulia nyuma ya siti. Likiwa limelowa, umeshajua.

Sasa lala chini. Gonga kizingiti kwa kiwiko cha kidole kutoka mbele kwenda nyuma. Bati zima linalia, bati lililooza au lililojazwa puti, ule unga wa kuzibia mashimo, linanyamaza, hasa sentimita 30 za mwisho kabla ya gurudumu la nyuma. Pitisha sumaku hapohapo. Dada mmoja aliniletea NB ya fedha, amelinunua kwa mtu hapahapa mjini, chini limepigwa rangi nyeusi ya lami vizuri kabisa. Sumaku haikushika popote. Nilipokwangua nikakuta gazeti, limekunjwa, likapakwa puti juu yake. Lami mpya chini ya gari la zamani ichukulie kama pazia, na mwombe muuzaji ruhusa ya kukwangua sehemu ndogo. Akikataa, kesha kujibu.

Kwenye boneti usitishike sumaku ikidondoka. Boneti ya magari haya ni alumini tangu NA, na kwa ND hata mafenda ya mbele na mfuniko wa buti ni alumini. Nimeshaona mtu anavunja biashara nzuri kwa kosa hilo.

Kwa NB angalia pia nguzo mbili za chesisi za mbele, zinazopita pande mbili za injini. Zina bati ndani ya bati, na kutu huanzia katikati, hivyo ukiiona nje imeshakula ndani. Na ule ukingo mwembamba chini ya kizingiti, pale pa kuwekea jeki, ukiwa umelala kama sikio la mbwa, gari limepita kwa wapiga jeki wetu. Hiyo peke yake haiui gari, lakini bei ishuke.

Kipimo changu cha mwisho ni mlango. Fungua mlango wa dereva, funga, sikiliza. Kisha inua kona ya nyuma upande huohuo kwa jeki mpaka tairi liache ardhi, ufungue na kufunga tena. Mlango ukianza kukwaruza au kugoma, bodi inapinda. Muuzaji akisema ni bawaba, mwambie abadilishe bawaba kwanza, utarudi.

Ondoa zulia la buti uangalie alama za kuchomelea. Za kiwandani ni vidoti vya duara, vimepangwa kwa nafasi sawa. Ukiona mstari mnene wa kulehemu, nyuma imegongwa.

Kuendesha

Hapa sisemi mengi. Kaa kwanza, paa likiwa limefungwa. NA na NB usukani hausogei juu wala chini, na mtu mrefu atagusa turubai kwa kichwa. ND ndiyo iliyokuja kupata usukani unaovutwa, tangu maboresho ya 2018. Kanyaga klachi mara kadhaa. Ikienda laini na gia ya kwanza inagoma kuingia, silinda ndogo ya klachi pale kwenye giaboksi inavuja, ni ugonjwa wa kawaida wa NA na NB na haina bei kubwa. Pita kwenye matuta polepole, ukizingatia kwamba tumbo liko sentimita kama 14 tu kutoka ardhini. Dashibodi ikilia kidogo, sawa. Kioo cha mbele kikicheza tofauti na boneti, rudi kwenye vizingiti.

Kuhusu automatiki, yapo, na ni halali yako. Ila utakuwa umelipia biriani ukala wali mtupu.

Ukishalipa

Soma tarehe ya matairi kabla ya safari ndefu. Tarakimu nne ubavuni, 3218 maana yake wiki ya 32 ya mwaka 2018. Saizi ya NB yangu ni 185/60R14, haisumbui. Za rimu 16 na 17 kaziulizie bei kabla ya kununua gari, siyo baada. NC na ND hazina tairi la akiba, zimewekewa dawa ya kuziba pancha na pampu, na gari lililokaa miaka Japani dawa hiyo inakuwa imekauka, kwa hiyo nunua kifaa kipya kabla hujaivuka Chalinze.

Halafu alaimenti, yaani kuyaweka matairi sawa yaelekee yanakotakiwa. Roadster linarekebishwa mbele na nyuma, matairi yote manne, na sehemu nyingi za hapa mjini hufanya mbele tu wakakupa karatasi. Tafuta wenye mashine inayosoma magurudumu manne, na uwaulize kama wako tayari kugusa bolti za nyuma. Bolti hizo huganda ndani ya bushi zikikaa miaka bila kuguswa, na kijana mwenye spana ndefu atazikata. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu kwa jioni kadhaa kabla ya kwenda, zote za kila upande, ukianza na zile za ndani ambazo hazionekani mpaka utoe tairi.